Sindano ya miezi sita dhidi ya HIV: Sayansi imefanya yake, je, serikali?

SIFURI. Hiyo ndiyo nambari iliyowainua wanasayansi vitini wakapiga makofi katika kongamano la Ukimwi mjini Munich, Ujerumani, Julai 2024.

Wasichana na wanawake 2,134 wa umri wa miaka 16 hadi 25, kutoka Afrika Kusini na Uganda, walikuwa wamedungwa dawa inayoitwa lenacapavir mara moja kila baada ya miezi sita. Wakati matokeo yalipohesabiwa, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameambukizwa virusi vya HIV. Si mmoja, si nusu. Sifuri.

Katika utafiti huo huo, wenzao waliopewa tembe za kumeza kila siku hawakuwa na bahati hiyo. Kati ya 1,068 waliopewa aina moja ya tembe, 16 waliambukizwa. Kati ya 2,136 waliopewa aina nyingine, walioambukizwa walikuwa 39. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba jopo huru lililosimamia utafiti liliagiza kila mshiriki apewe nafasi ya kuhamia sindano kabla muda uliopangwa haujaisha.

Tangu hapo mambo yameenda mbio. Jarida la Science liliitaja dawa hiyo kuwa ugunduzi bora wa mwaka 2024. Marekani iliidhinisha itumike kuzuia maambukizi mnamo Juni 18, 2025. Mwezi mmoja baadaye, katika kongamano jijini Kigali, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza nchi zote ziiongeze kwenye orodha ya kinga wanazotoa. Kenya nayo ni miongoni mwa mataifa ya kwanza ya Afrika yaliyotengewa dozi.

Kwa hivyo kama umeona watu wakiiongelea TikTok, ama umesikia madem wakiijadili saluni, hiyo si stori ya jaba. Dawa ipo na inafanya kazi. Swali ambalo kijana wa Kayole, Nyalenda ama Likoni anafaa kujiuliza sasa ni lingine kabisa: itanifikia mimi? Na ikinifikia, itaendelea kunifikia?

Inafanya kazi vipi?

Kirusi cha HIV hubeba jeni zake ndani ya ganda la protini. Fikiria kasha la simu, lakini dogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kirusi kikiingia kwenye seli ya mwili, ganda hilo husafirisha mzigo hadi kwenye kiini cha seli. Kirusi kikishazaana humo, virusi vipya vinahitaji kuunda maganda mapya ili vitoke na kushambulia seli zingine.

Lenacapavir hujibandika kwenye ganda hilo na kulivuruga. Ganda la kirusi kinachoingia linashindwa kufanya kazi yake, na maganda ya virusi vipya yanaundwa yakiwa na kasoro. Kirusi kinakwama mlangoni, na hata kikijaribu njia nyingine kinakwama tena.

Siri ya miezi sita iko kwenye jinsi dawa inavyowekwa mwilini. Haidungwi kwenye mshipa wa damu. Hudungwa chini ya ngozi ya tumbo, sindano mbili kwa siku moja, ikabaki pale kama akiba inayotoa dawa polepole. Kwa sababu akiba hiyo huchukua muda kuanza kutosha, siku ya kwanza unameza tembe mbili na siku ya pili tembe mbili nyingine. Baada ya hapo, unarudi kliniki baada ya wiki 26.

Tuelewane hapa. Hii si chanjo. Chanjo hufundisha mwili kupigana wenyewe; dawa hii inalinda tu wakati imo mwilini kwa kiwango cha kutosha. Si tiba pia. Aliye na HIV tayari hafai kudungwa sindano hii kama kinga, na ndiyo maana lazima upimwe kwanza kila unapoenda kudungwa. WHO imeruhusu vipimo vya kawaida vya haraka, vile vya kudunga kidole, vitumike. Hakuna haja ya maabara kubwa ya hospitali ya rufaa.

Madhara? Wengi huhisi kijivimbe kigumu mahali walipodungwa, ambacho hupungua kadri dawa inavyoisha. Kuna wanaoumwa na kichwa au kuhisi kichefuchefu. Katika utafiti, walioacha kwa sababu hizo walikuwa wachache mno. Walioshika mimba katikati ya utafiti hawakuondolewa, na hiyo ni habari njema kwa sababu wajawazito mara nyingi huachwa nje ya tafiti za dawa mpya kisha wanaambiwa wasubiri miaka.

Kwani tembe zilikosa nini?

Hapa ndipo vijana wanafaa kusikiliza vizuri, kwa sababu jibu liko karibu na nyumbani.

Tembe za PrEP hazikuwa dawa mbovu. Kenya yenyewe ilisaidia kuthibitisha hivyo. Kati ya 2008 na 2011, maelfu ya wanandoa ambao mmoja alikuwa na HIV na mwingine hana walishiriki utafiti mkubwa Kenya na Uganda, na miongoni mwa vituo vilikuwa Thika, Kisumu, Eldoret na Nairobi. Tembe moja ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67 na nyingine kwa asilimia 75. Kenya ilizindua matumizi ya PrEP kwa umma mwaka 2017.

Lakini katika kipindi hicho hicho, utafiti mwingine uliowahusu wanawake zaidi ya 2,000 wa Bondo, Arusha na Afrika Kusini ulisimamishwa 2011. Miongoni mwa waliopewa dawa, 33 waliambukizwa. Miongoni mwa waliopewa tembe zisizo na dawa, 35. Yaani tofauti karibu hakuna! Damu zilipopimwa, wenye dalili za kumeza tembe siku za karibuni hawakufika asilimia 40.

Tofauti ilikuwa nini? Wale wanandoa walijuana hali. Tembe zilikaa mezani na kila mmoja alijua ni za nini. Msichana anayeishi na shangazi, au anayelala chumba kimoja na wenzake wanne hosteli, hana anasa hiyo. Chupa ya PrEP inafanana na chupa ya ARV, na ukiitikisa inalia. Boyfriend akiipata kwa mkoba, maswali ni mawili na yote ni mabaya: "Kumbe uko na virusi?" ama "Kumbe huniamini?" Mama akiipata, utaombewa kanisa nzima.

Isitoshe, kumeza dawa kila siku ukiwa huumwi ni kazi. Ukiwa na homa, mwili wenyewe hukukumbusha. Ukiwa mzima, ukitoka kazini saa tatu usiku baada ya kukwama kwenye msongamano wa Mombasa Road, tembe ndiyo kitu cha mwisho akilini.

Sindano inaondoa chupa, inaondoa kelele na inaondoa alamu ya kila usiku. Unadungwa, unavaa shati lako, unaenda zako. Hakuna anayejua isipokuwa wewe na nesi. Ndiyo maana nambari ya sifuri si ushindi wa kemia pekee. Ni ushindi wa kuelewa maisha ya msichana wa mtaani yalivyo, badala ya kumlaumu kwa kusahau.

Hesabu ya pesa

Sasa tuongee doo.

Marekani, bei iliyotangazwa ya dawa hii ni dola 28,218 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya Sh3.6 milioni. Ploti nzima katika baadhi ya viunga vya Nairobi.

Lakini watafiti waliopiga hesabu ya gharama ya malighafi na utengenezaji walisema inawezekana kuiuza kwa dola 40, na hata 25, ikitengenezwa kwa wingi. Oktoba 2024, kampuni ya Gilead iliyoigundua ilitoa leseni kwa watengenezaji sita wa India, Pakistan na Misri ili watengeneze nakala halali za bei nafuu kwa nchi 120. Kenya imo kwenye orodha. Kisha Septemba 2025 yakatangazwa makubaliano kwamba kampuni mbili za India zitaiuza kwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027.

Dola 40 ni kama Sh5,200 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365 upate takriban Sh14 kwa siku. Hela ya andazi.

Tumewahi kuona sinema hii. Mwishoni mwa miaka ya tisini, dawa za ARV ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, na Waafrika waliambiwa wavumilie kwa sababu hawawezi kumudu. Mwaka 2001, kampuni ya Cipla ya India ilijitokeza na bei ya takriban dola 350. Mwaka huo huo, Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje, baada ya kelele nyingi za wagonjwa na wanaharakati. Bei haikushuka kwa huruma. Ilishuka kwa ushindani na shinikizo.

Tofauti ya wakati huu ni kwamba safari iliyochukua ARV miaka mingi inajaribiwa kufupishwa. Hadi nakala za bei nafuu zifike, Gilead imekubali kuuza dawa yake bila faida kwa nchi maskini, na Hazina ya Dunia pamoja na serikali ya Marekani wameahidi kufikia hadi watu milioni mbili katika miaka mitatu.

Milioni mbili inasikika kubwa. Lakini mwaka 2024 pekee, watu milioni 1.3 waliambukizwa HIV duniani. Na hatujui mapema nani kati ya mamilioni ya walio hatarini ndiye ataambukizwa, kwa hivyo kuzuia maambukizi mamoja lazima ulinde watu wengi. Ukigawa dozi hizo kwa nchi zote zinazozisubiri, halafu kaunti zote, halafu kliniki zote, utaona kwa nini dozi za mwanzo zinatolewa kwa awamu, kuanzia maeneo yenye maambukizi mengi. Si lazima awe mtu anazificha. Ni chache.

Nani yuko mbele ya foleni?

Kitu kikiwa kichache, lazima mtu aamue nani anapata kwanza. Na hapa siasa inaingia.

Serikali ya Marekani, ambayo imegharamia sehemu kubwa ya vita dhidi ya HIV nchini tangu mpango wa PEPFAR uanze 2003, ilisema kwamba kipaumbele cha dozi zake ni wanawake wajawazito na wanaonyonyesha. Hakuna mtu wa kupinga kumlinda mama na mtoto. Mama akiambukizwa akiwa mjamzito au akinyonyesha, hatari ya kumwambukiza mtoto ni kubwa.

Lakini kinga inafanya kazi vizuri zaidi inapopelekwa palipo na moto. Kulingana na takwimu za Umoja wa Mataifa, wasichana na wanawake wapatao 4,000 wa umri wa miaka 15 hadi 24 huambukizwa kila wiki duniani, wengi wao wakiwa kusini mwa Jangwa la Sahara. Wengi hawana mimba wala mtoto. Kuna pia wanaofanya biashara ya ngono, wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanaume wenzao, na wanaojidunga dawa za kulevya. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu maisha yao, ni haki yako. Kirusi hakina maoni. Kinapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na mtaani tunakutana wote.

Msichana wa miaka 20 asiye na mimba akiambiwa arudi akishapata, hiyo si kinga. Ni mzaha.

Ndiyo maana dozi zinazopitia Hazina ya Dunia, na hasa zile ambazo Kenya itanunua kwa pesa zake, zina uzito. Anayelipa mpiga zumari ndiye huchagua wimbo. Tukitaka orodha ya watakaodungwa iamuliwe na hali ya maambukizi Homa Bay, Mombasa na Nairobi badala ya upepo wa siasa za Washington, basi lazima kuwe na shilingi ya Kenya ndani yake.

Na tumeshaonjeshwa jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Januari 2025, Rais Donald Trump alipoamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90, mshtuko ulifika hadi kliniki zetu. Wahudumu waliokuwa wakilipwa na wafadhili walirudishwa nyumbani. Vituo vidogo ambako vijana walizoea kupata kondomu, vipimo na PrEP bila kuulizwa maswali vilifungwa. Viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Robo karne baadaye, Kenya bado haijafika hapo.

Hatari ambayo haisemwi sana

Kuna jambo moja linalofanya sindano hii ihitaji serikali makini kuliko tembe.

Ukiacha kumeza tembe, dawa inaondoka mwilini upesi. Ukiacha sindano, mabaki yake hukaa mwilini mwaka mzima au hata zaidi, yakipungua polepole. Kuna kipindi ambapo dawa iliyobaki ni ndogo mno kukulinda, lakini inatosha kumfundisha kirusi ujanja. Ukiambukizwa kipindi hicho bila kujua, kirusi kinaweza kuzoea dawa na kuwa sugu.

Sasa fikiria kaunti inayoanza kudunga watu maelfu, kisha baada ya miezi minane pesa za mfadhili zinakatwa, ama lori linakwama bandarini, ama wahudumu wa afya wanagoma kwa sababu hawajalipwa. Wote hao hawarudi tu walipokuwa. Wanaachwa katikati ya daraja.

Kwa hivyo swali la kumuuliza waziri si "dozi ngapi zimefika JKIA?" Picha ya makasha yakishuka kwenye ndege ni tamu kwa kamera. Swali ni: dozi ya pili ya mtu aliyedungwa leo iko wapi? Na ya tatu? Imelipiwa na nani?

Maneno ya mtaani

Kuna mambo mawili yanayozungushwa sana kuhusu dawa hii na yanastahili jibu.

La kwanza: "Wazungu wanatufanya panya wa maabara." Hofu hiyo haikutoka hewani, historia ya utafiti Afrika ina madoa yake. Lakini lenacapavir ilijaribiwa pia kwa wanaume na watu waliobadili jinsia Marekani, Brazil, Argentina, Mexico, Peru, Thailand na Afrika Kusini. Huko nako, kati ya 2,179 waliodungwa, walioambukizwa walikuwa wawili tu. Na mzaha mchungu ni kwamba Brazil, Argentina, Mexico na Peru ziliachwa nje ya zile nchi 120 zenye leseni ya nakala za bei nafuu. Kwa hivyo dhuluma hapa haikuwa kujaribiwa dawa. Dhuluma ni kushiriki majaribio kisha kuikosa. Ukitaka kukasirika, kasirikia hilo.

La pili: "Vijana wataanza kuruka ruka ovyo." Hayo yalisemwa kuhusu kondomu, yakasemwa kuhusu P2, yakasemwa kuhusu tembe za PrEP. Kijana anayefanya mapenzi hakungoja sindano ya 2024 ili aanze. Tofauti ni kama atatoka salama. Hata hivyo, wanaosema hivyo wana chembe ya ukweli kuhusu jambo moja: sindano hii haizuii kaswende, kisonono, klamidia wala mimba. Aliye na sindano bado anahitaji kondomu.

Ufanye nini sasa?

Kwanza, jua hali yako. Vifaa vya kujipima mwenyewe kwa mate au tone la damu vinauzwa kwenye maduka ya dawa. Ukipata jibu la kuonyesha una virusi, usipanic na usianze kuaga watu. Nenda kituo cha afya upimwe tena kuthibitisha. Ukithibitishwa, anza ARV mara moja. Mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mpenzi wake kwa njia ya ngono. Hiyo ni sayansi iliyothibitishwa, si maneno ya kukutuliza.

Pili, uliza kwenye kituo chako kama sindano imefika. Kama haijafika, usikae bila kinga ukiingoja. Tembe za PrEP zipo na zinafanya kazi ukizimeza. Kama shida yako ni chupa kupiga kelele, weka pamba ndani, ama mwambie nesi shida yako. Amesikia hiyo kesi mara mia.

Tatu, jua saa 72. Kondomu ikipasuka, ama ukibakwa, ama ukilala na mtu usiyejua hali yake bila kinga, kuna dawa nyingine inayoitwa PEP. Lazima uianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha umeze kwa siku 28. Ilitokea Ijumaa usiku? Usingoje Jumatatu. Hospitali za umma zina sehemu ya dharura.

Nne, sema ukweli kuhusu dawa zingine unazotumia. Hasa kama unatibiwa kifua kikuu. Rifampicin, ambayo ni dawa ya kawaida ya TB, hupunguza nguvu ya lenacapavir mwilini, na daktari atahitaji kuongeza dozi. Ukinyamaza, unajidanganya.

Tano, kama una chini ya miaka 18, ujue sheria haijakufungia mlango kabisa. Sheria ya HIV ya mwaka 2006 inasema mtoto hupimwa kwa idhini ya mzazi, lakini inamruhusu aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi au aliye katika hali ya hatari kutoa idhini yake mwenyewe kwa maandishi. Sheria hiyo hiyo inalinda siri ya matokeo yako. Nesi anayetangaza hali ya mtu kwenye korido anavunja sheria, si adabu tu.

Sita, ukianza sindano, andika tarehe ya kurudi kwenye simu, na uweke kengele wiki mbili mapema. Dirisha la kudungwa ni wiki mbili kabla au baada ya tarehe yako. Kama unahama kutoka Nairobi kwenda kazi Mombasa ama chuo Eldoret, uliza kliniki mapema itakuhamisha wapi. Na ukiamua kuacha, usipotee kimya kimya. Rudi uwaambie ili wakuhamishie tembe wakati mabaki yanaisha.

Mlango wa kliniki

Hata dozi zote zikifika, kuna kizuizi kimoja ambacho hakihitaji dola wala kampuni ya India. Ni mlango.

Katika vituo vingi, huduma za HIV ziko kwenye jengo lake, mara nyingi kando, mara nyingi na benchi nje. Kila mtu mtaani anajua benchi lile ni la nini. Ukikaa pale, jirani yako anayeleta mtoto chanjo ameshakuona, na jioni stori imefika kwenye plot kabla yako. Sindano isiyo na chupa haisaidii kama lazima uketi kwenye benchi lenye jina.

Suluhisho linajulikana. Weka sindano pale pale wasichana wanapoendea uzazi wa mpango. Msichana anayedungwa Depo kila miezi mitatu anaweza kupata lenacapavir kila anapokuja mara ya pili, chumba kile kile, nesi yule yule. Peleka huduma kwenye zahanati za vyuo na maduka ya dawa yenye leseni. Fungua kliniki hadi saa mbili usiku angalau siku mbili kwa wiki, kwa sababu mtu wa mjengo, wa duka ama wa bodaboda hawezi kuacha kazi saa nne asubuhi kungoja foleni. Na mfundishe mhudumu asiulize, "Kwani wewe umri huu unatafuta nini huku?"

Hayo yote yako mikononi mwa kaunti. Afya ilishagatuliwa. Gavana ndiye anaajiri nesi, na diwani wako ndiye hupitisha bajeti.

Nakala za bei nafuu zinatarajiwa 2027. Huo pia ni mwaka wa uchaguzi. Watakuja mtaani na muziki, na T-shirt, na noti za mia mbili. Noti ya mia mbili inatosha kununua kinga ya mtu mmoja kwa siku 14 kwa ile bei ya Sh5,200 kwa mwaka. Wakishamaliza kuhutubia, waulizwe: kaunti hii imetenga shilingi ngapi kununua sindano ya HIV, na kliniki ya hapa hufungwa saa ngapi?

Anayeweza kujibu maswali hayo mawili bila kukodoa macho, huyo angalau amefanya homuwaki.